Dera Lenye Doa la Bizari

Kilichoninyima usingizi wiki ile hakikuwa kazi mpya wala safari ndefu ya kuiendea. Kilikuwa nguo ya kuvaa kwenye picha.

Nieleze vizuri, maana nikianza hovyo mtadhani mimi ni mtu wa kujipamba. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimekaa nyumbani Msambweni nikiomba kazi na kukosa, na hatimaye nikaitwa kazini Lodwar, mahali ambapo katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika. Kabla sijaondoka Mama aliamua tupigwe picha ya familia, ikuzwe, itiwe fremu na itundikwe chumbani kwa Bibi, mkabala na kitanda chake. Kila mmoja alilifurahia jambo hilo mpaka lilipokuja swali la nani atavaa nini. Upande wangu Mama alikuwa na jibu tayari. Lile joho la kuhitimu tulilirudisha chuoni kama wenzangu wote walivyorudisha, lakini yeye alikwenda na picha yake kwenye simu mpaka kwa fundi wa Ukunda, akashonesha jingine, jeusi, lenye mikono mipana na utepe wa buluu, ili nyumba yetu iwe na joho lake. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango ndani ya mfuko wa nailoni. Mimi nilitakiwa kulivaa tu na kukaa katikati.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshavaa joho kama hilo mbele ya Bibi.

Bibi yangu siku hizi nyuso zinamponyoka. Majina ya watu waliokufa kabla sijazaliwa anayo yote, na ugomvi wao anao, lakini mtu aliyetoka kumpa chai sasa hivi anaweza kumuuliza yeye ni wa kwa nani. Siku ya karamu ya kuhitimu niliingia kwake na joho langu na kofia yenye shada linaloning'inia. Alinitazama toka juu mpaka chini. Akajivuta juu ya mkeka, akaiweka sawa leso yake kichwani, akaniambia kwa adabu kubwa, "Shikamoo."

Watu walicheka. Swaleh, mdogo wangu, alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilisimama nikiwa sina pa kuuweka uso wangu. Mwanamke aliyenilea, aliyenifundisha neno lile kabla sijaweza kutamka jina langu mwenyewe, aliniamkia mimi kama mtu anayemwamkia hakimu. Sikuitika. Ningeitikaje? Nilipiga magoti nikamshika mkono nikamwambia, "Bibi, ni mimi, Mejuma." Akatikisa kichwa kwa upole. "Karibu sana, mkubwa," akasema.

Basi kila nilipolala nilikuwa nalipigia hesabu jambo moja. Nikilivaa joho kwenye picha, Bibi ataamka kila asubuhi atazamane na hakimu, nami niko Lodwar. Nisipolivaa, Mama ataliona tendo hilo kama kumrudishia zawadi mkononi. Mimi ni mtu wa kufikiria mambo mpaka yanachakaa. Hata kibandani huwa naulizwa nataka chai ya maziwa au ya rangi, na kabla sijajibu nimeshawaza mwenye kibanda ataona vipi nikichagua ile asiyokuwa nayo nyingi. Kwa hiyo mnaweza kukisia hali yangu.

Asubuhi ya Jumamosi, siku ya picha, moshi wa udi ulipita chini ya mlango wa chumba cha Mama ukanifikia sebuleni. Haukuwa ubani wala marashi ya dukani. Ulikuwa udi wenyewe, mtamu na mzito, wenye uchungu kidogo mwishoni, na chini yake harufu ya makaa. Nilisimama na kikombe mkononi, na mara nikawa tena mtoto wa darasa la tatu, nimechuchumaa uani kwetu, nikiangalia nguo za watu wa nyumba yetu zimetandazwa juu ya tenga lililopinduliwa, zikitoa moshi kama vitumbua.

Wakati huo Mama alikuwa akiuza viazi vya karai kando ya barabara kuu, karibu na kituo. Tuliishi kwa Bibi, ambaye ni mama yake Mama, na Baba alikuwa akikata miwa Ramisi, akitoka kabla hatujaamka na kurudi na miguu yenye majivu. Mama alikuwa na dera moja la kazi, la rangi ya samawati iliyokwisha kufifia, na kwenye nyonga upande wa kulia palikuwa na doa kubwa la bizari. Hapo ndipo alipokuwa akipangusa vidole kila alipochovya kiazi kwenye unga uliokorogwa. Doa lilifuliwa, likaanikwa, likafuliwa tena, na mwishowe likawa sehemu ya ua la kitambaa. Swaleh alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Alijifunza kusimama kwa kulishika doa lile, maana ndipo mkono wake ulipofika.

Kisha wakala mmoja akampatia Mama kazi ya nyumbani Saudia. Sikumbuki siku tulipoambiwa. Nakumbuka kwamba Mama alianza kumwachisha Swaleh ziwa, na kwamba nyumba ilijaa kelele za mtoto, na Baba akawa anakaa nje peke yake baada ya chakula. Ndipo Mama akatoa shauri la picha. Zitolewe nakala mbili, akasema. Moja ataondoka nayo, na moja itabaki nyumbani.

Hatukuwa na picha hata moja tukiwa pamoja. Shauri hilo lilituamsha sote, na kwa siku kadhaa hapakuzungumzwa kitu kingine nyumbani ila nguo. Mama alikuwa na gauni alilolishona kwa harusi ya binamu yake, rangi ya damu ya mzee, lenye vito vinavyometameta kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Akaamua sote tufuate rangi hiyo. Alitafuta kitambaa cha kunishonea mimi gauni na Swaleh shati, lakini kitambaa hakikutosha, na fundi, bila ya kumuuliza mtu, akanitilia mikono ya kitambaa kingine kilichokaribiana tu. Nililivaa, nikalivua, nikalivaa. Nilitaka kujua kama kwenye picha mikono itaonekana ni ya mtu mwingine. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunijibu.

Baba yeye alisema atavaa kanzu yake ya Ijumaa na koti la studio. Hapa lazima niwaeleze kuhusu koti hilo. Studio ya picha ya Msambweni ilikuwa na koti moja la suti, jeusi, lililotundikwa msumarini kwa ajili ya wateja. Ukiingia sebule ya mtu yeyote mjini siku zile ungelikuta koti lile ukutani: limevaliwa na bwana harusi, na mwalimu, na mvuvi, na mzee aliyekonda ambaye amezama ndani yake kama mtoto aliyefunikwa blanketi. Hakuna aliyemcheka mwenzake, kwa sababu kila mmoja alikuwa nalo kwake.

Aliyeleta matata ni Bibi. Alikaa kwenye kibao chake cha mbuzi akikuna nazi, akimsikiliza Mama akipanga, kisha akauliza bila ya kuinua kichwa, "Saumu, hiyo picha ni ya nani?"

"Ni yetu sote, mama."

"Na inayobaki?"

"Inabaki hapa nyumbani."

"Inayobaki ni ya huyu." Akamwelekeza Swaleh kwa kidevu. "Na huyu hakujui kwa gauni hilo la harusi. Vaa dera lako la viazi."

Mama alicheka akidhani ni mzaha. Alipoona Bibi anaendelea kukuna, kicheko kikamwishia. "Dera la viazi? Niende Saudia na picha ya dera lenye bizari? Wakiniuliza kwetu ni wapi niwaonyeshe karai?"

"Kwani karai limekukosea nini? Si hilo linalotulisha?"

"Sikusema limenikosea. Nataka wakiiona hiyo picha wajue nimetoka kwa watu."

Bibi alikung'uta kifuu. "Basi vaa," akasema, kwa namna ambayo mtu yeyote wa kwetu angejua kwamba maneno hayajaisha.

Mimi nilikuwa upande wa Mama, na niwaambie kweli, hata leo sioni kwamba alikosea. Alikuwa anakwenda kuishi ndani ya nyumba ya watu wasiomjua, na alitaka kuingia humo akiwa na ushahidi kwamba kwao kuna mume aliyesimama wima, mama, na watoto waliotiwa mafuta. Kwangu mimi mtoto, gauni lile lilikuwa kitu kizuri kuliko vyote vilivyokuwa ndani ya nyumba yetu. Sikuweza kuelewa kwa nini mtu amwambie mwenzake avae doa.

Siku ya picha Bibi aliwasha makaa kwenye chetezo, akatia udi, akakifunika kwa tenga la fito, na juu ya tenga akatandaza nguo zetu moja moja. Kanzu ya Baba, gauni la Mama, gauni langu lenye mikono ya bahati nasibu, shati la Swaleh. Mama alikuwa akipita na ndoo ya maji akasimama.

"Mama, picha haina harufu."

"Nguo inayo," Bibi akajibu.

Nilipochungulia chini ya gauni la damu ya mzee niliona kitambaa kingine cha samawati kimekunjwa vizuri, kinakula moshi kwa siri. Bibi akaniona nimeona. Akaweka kidole mdomoni, akaendelea na kazi yake. Baadaye nilimwona akilitia lile dera ndani ya kikapu chake cha miyaa na kuweka leso juu yake.

Mama hakwenda na sisi studio. Jirani yetu Mama Zuhura, ambaye alikuwa akiwapamba maharusi, alimchukua kwake tangu mapema, akasema hawezi kumwacha mtu aende Uarabuni bila nyusi. Tukatangulia sisi: Baba na kanzu yake, Bibi na kikapu, na mimi nimembeba Swaleh kiunoni akitafuna kola ya shati lake jipya.

Mpiga picha alikuwa kijana wa bara ambaye mji mzima ulimwita Mapozi. Chumba chake kilikuwa kidogo, chenye joto, na ukuta wa nyuma ulifunikwa na pazia lililochorwa ngazi zenye zulia jekundu, zinazopanda kuelekea nyumba ambayo hakuna mtu wa Msambweni aliyewahi kuiona. Pembeni palikuwa na maua ya plastiki. "Sasa mamaa, mnakaa aje hapa?" akatuuliza akirekebisha taa.

Bibi alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Shosho, ingia tu."

"Kijana," Bibi akasema, "kwenu hamwamkii?"

Mapozi akaiacha taa. "Shikamoo, shosho."

"Marahaba. Na shosho ni nani? Mimi ni bibi." Ndipo akaingia akakaa, kikapu mapajani.

Baba alipewa lile koti. Mikono ikamfika kwenye ncha za vidole. Alijitazama kwenye kioo kilichopasuka akajaribu kuinua mabega ili koti lifupike, kisha akayashusha. Nilikuwa namtazama yeye mlango ulipofunguka.

Mama aliingia kama mtu wa kwenye kalenda. Gauni lilikuwa likimeta kila alipopumua. Uso wake ulikuwa mweupe kwa poda mpaka chini ya kidevu, midomo myekundu, na nyusi mbili nyeusi ziliinuka juu ya macho yake kama zinauliza jambo. Mapozi alipiga mluzi mdogo, akaona macho ya Baba, akageuka kushughulikia kamera. Baba mwenyewe alisahau habari ya koti. Mimi nilijazwa na fahari, nikatamani Mama asiondoke ila akae hivyo hivyo tumtazame.

"Swale wa mama," akasema, akanyoosha mikono. "Njoo, baba, njoo."

Swaleh aliitambua sauti. Nilisikia mwili wake wote ukiruka kiunoni mwangu. Akacheka, akainua kichwa, akamtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake, halafu akamtazama pembeni, akachungulia nyuma yake, kwenye mlango. Alikuwa anamtafuta mama yake. Sauti ameisikia, yuko hapa hapa, ila huyu mtu mwenye vito amemziba.

Mama akasogea. "Swale, ni mimi." Mikono yake ilipomgusa, Swaleh akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwake mpaka leo, akauficha uso wake shingoni kwangu na kunishika nywele kwa mikono yote miwili. Kadiri Mama alivyombembeleza ndivyo alivyozidi, kwa kuwa kila alipoisikia sauti aliinua kichwa kutafuta, na kila alipotafuta alimkuta mgeni yule yule.

"Mpeni biskuti," Mapozi akasema. "Mtoto ameboeka tu."

Mama alirudi nyuma akakaa kwenye stuli ya wateja. Hakulia, Mama Zuhura alikuwa amemkataza kulia kwa sababu ya wanja. Alitazama viganja vyake akasema polepole, "Hanijui. Niko hapa hapa, na hanijui."

Nilimgeukia Bibi. Nilingoja amkumbushe Mama alichosema wakati wa kukuna nazi, aseme si nilikwambia. Yeye, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikishika kikapu chake. Aliinuka, akakiweka kikapu mapajani kwa mwanawe, akarudi kukaa.

Mama alifunua leso. Moshi wa udi ukapanda katika chumba kile kidogo. Alilitazama dera kwa muda, akalichukua, akapita nyuma ya pazia, na sisi tukabaki tunaziangalia zile ngazi za zulia jekundu zikitikisika mahali viwiko vyake vilipogusa. Alipotoka aliomba maji. Mapozi akamletea ndoo aliyokuwa akioshea sakafu, akaona haya, akaenda kuleta nyingine. Mama akanawa uso, akasugua kwa upindo wa leso, akanawa tena. Poda ikatoka, midomo ikatoka. Nyusi moja ikakataa.

Alipomnyooshea mikono mara hii, Swaleh hakuangalia uso wake kwanza. Aliangalia nyonga. Kisha akajirusha.

"Ile maroon ingetoka poa zaidi," Mapozi alisema, kwa huzuni ya mtu wa kazi.

Baba alilivua koti la studio akalirudisha msumarini. "Basi tukae kama tulivyo," akasema. Akasimama na kanzu yake, kola imechakaa kidogo upande mmoja. Mimi nikaanza kuhangaika kama na mimi nibadilishe, kwa sababu sasa nilikuwa nimebaki peke yangu na damu ya mzee, tena ya rangi mbili. Nikamuuliza Mama. Akanivuta mbele yake, akaniweka sawa shingo ya gauni.

"Wewe kaa hivyo hivyo, mwanangu. Wewe ni mkubwa, utanijua kwa lolote."

Mapozi akauliza kama tunataka na ya pili, Mama avae gauni apigwe peke yake. Mama akasema hii inatosha. Picha hiyo bado tunayo. Baba amesimama wima, Bibi anaitazama kamera kama anaidai, mimi nimebana mikono nyuma ili isionekane, na Mama ameketi katikati na dera la samawati, ana nyusi moja nene na nyingine ya kawaida, na Swaleh ameshikilia doa la bizari kwa kiganja kizima.

Asubuhi aliyoondoka, Mama alilivua lile dera akaliacha kitandani. Bibi hakulifua. Alilitia kwenye sanduku lake pamoja na vipande vya udi, na Swaleh alipopata homa, au alipoamka akizunguka nyumba nzima akitafuta, alilitoa na kumfunika nalo. Jioni alimwinua mbele ya picha akamuuliza, "Mama yuko wapi?" Swaleh aliweka kidole kwenye doa kwanza, halafu akakipandisha mpaka usoni. Nilidhani Bibi anafurahia kwamba alishinda ule ubishi. Hivyo ndivyo nilivyolielewa jambo lile nikiwa mtoto: kulikuwa na ubishi wa nguo, na Bibi akashinda.

Mama alirudi nikiwa nimeshaingia sekondari. Tulimpokea uwanja wa ndege wa Mombasa. Alitoka na abaya nyeusi, amekonda, ngozi imekuwa nyeupe ya kukaa ndani. Swaleh, aliyekuwa mwanafunzi mwenye meno mapengo, alimpa mkono, akaubusu wa Mama kama tunavyoubusu wa mgeni wa heshima, akamwamkia. Kutoka Likoni mpaka nyumbani alikaa ubavuni mwangu akitazama nje. Mama naye hakumlazimisha. Tulipofika alioga, akafungua lile sanduku bila kuambiwa lilipo, na tulipokuwa tunaanza kula akatokea mlangoni na dera la samawati, limempwaya. Swaleh aliinua kichwa kwenye sahani. Akamgeukia Bibi, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bibi, Mama amekuja."

Hata hapo sikuelewa yote. Ilikuwa mpaka nilipokuwa chuoni, nimekuja likizo, tunachambua mchicha, ndipo Mama aliponiambia kile ambacho hakuwahi kumwambia Bibi. Kule alikokuwa alipewa sare, na kitambaa cha kichwa, na hata jina jingine lililo rahisi kwa wenye nyumba. "Picha ile sikuwaonyesha," akasema. "Niliitazama mwenyewe. Ningekuwa na lile gauni la harusi ningemwona mtu mwingine tena. Lile doa nilikuwa nikiliona, najua huyu ni mimi, nina karai langu, nina watu wangu." Akaendelea kuchambua. Kumbe ile picha aliyoondoka nayo ilikuwa imemtafuta mtu aliyekuwa akipotea. Ubishi ule haukuwa na aliyeshinda. Waliogombana walikuwa wawili walioogopa jambo moja, Mama kutojulikana, mmoja kwa wageni na mwingine kwa mtoto, na wote wawili walinilea mimi.

Hayo yote yalinirudia kwa moshi uliopita chini ya mlango. Niliweka kikombe chini nikaingia chumbani kwa Mama.

Alikuwa amewasha chetezo, amekifunika kwa tenga lile lile la Bibi, ambalo fito zake siku hizi zimefungwa kwa kamba, na juu yake ametandaza joho. Alikuwa akilinyoosha mikono kwa viganja, pole pole, kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto aliyelala. Nilikaribia kutoka bila kusema neno. Nilishaandaa sentensi nyingi wiki nzima, zenye utangulizi na sababu, na zote zikanikimbia.

"Mama," nikasema, "Bibi aliniamkia shikamoo."

Mikono yake ikatulia.

"Nikilivaa hilo kwenye picha, ataniamkia kila siku."

Nje nilisikia Swaleh akibishana kwa simu na mpiga picha wa Diani, ambaye alitaka sote tuvae nyeupe tukapigiwe pwani mchangani, akimweleza kwamba Bibi yetu hawezi mchanga na kwamba tutapigiwa barazani. Mama alilishika joho mabegani akaliinua juu ya tenga, moshi ukamwagika chini yake.

"Mimi nililishonesha nipate kulishika," akasema. "Nimeshalishika." Akalikunja, mkono juu ya mkono, akalirudisha kwenye mfuko wake. "Bibi yako alinifundisha jambo hili mbele ya Mapozi. Sitaki anifundishe tena mbele ya huyo wa Diani. Haya, utavaa nini?"

Nilikuwa nalo tayari, na nadhani nilikuwa nalo tangu siku ya karamu, ila nilihitaji wiki nzima ya kukosa usingizi ili nikubali. Lilikuwa gauni la kijani nililokuwa nikiokotea mabibo na Bibi kila msimu wa korosho, mpaka nilipokwenda chuo. Utomvu wa bibo ukishika nguo hautoki tena, na gauni lile lilikuwa na alama za kahawia tele, moja kubwa kuliko zote tumboni, siku nilipobeba mabibo kwenye upindo badala ya kwenye kikapu. Siku hiyo Bibi alinigombeza kutoka shambani mpaka mlangoni. Mama alilipokea, akalitandaza juu ya tenga, akaongeza kipande cha udi.

"Utatia aibu," akasema, lakini alikuwa anacheka. Halafu akafungua lile sanduku la Bibi.

Tulipotoka barazani, Mama na dera lake la samawati na mimi na gauni langu lililonibana makwapani, mpiga picha alitutazama, akamtazama Swaleh, ambaye peke yake alimtii akavaa nyeupe, akaanza kupima mwanga. Baba alikuwa amekwisha kaa na kanzu. Bibi alikuwa kwenye kiti chake katikati, leso imekaa sawa, anaiangalia kamera kwa mashaka yale yale ya zamani.

Nilipita mbele yake nikainama.

"Shikamoo, Bibi."

Aliniangalia. Uso wangu aliupita kama anavyozipita nyuso zote siku hizi, akashuka mpaka tumboni, akanyoosha kidole akaligusa lile doa, akalisugua kidogo kwa ukucha.

"Marahaba," akasema. "Na hayo mabibo, si nilikwambia ubebe kwenye kikapu?"

Nikakaa miguuni pake, nikamwambia mpiga picha kwamba tuko tayari.